Vijiti Alivyokata Mutiso

Jumamosi iliyopita niliketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba nikipaka viatu rangi nyeusi, kwa sababu nilikuwa naenda mazishini Kangundo. Nilipofungua mkebe harufu ilinipanda puani, na kufumba na kufumbua nikawa mtoto tena katika ploti yetu ya mtaa wa Baba Dogo, nimeegemea mlango wa Mutiso mchongaji, namtazama akisugua twiga mweupe kwa kitambaa mpaka twiga anakuwa mweusi tititi. Mutiso ndiye tuliyekuwa tunaenda kumzika. Niliendelea kupaka hadi kiatu kikaanza kunata, kisha nikalia, na mimi si mtu wa kulia.

Kazi yangu ni kuandika hadithi za upelelezi. Wasomaji wangu, wengi wao watu wa rika langu wenye miwani na magoti yanayouma, wanamjua Inspekta Nekesa kuliko wanavyonijua mimi. Ni mwanamke mzito, mwenye sauti ya chini, ambaye humhoji mshukiwa huku akichambua kunde, wala hamwangalii usoni mpaka uongo umwishie. Vitabu vyake vimekuwa vingi hata mimi mwenyewe nachanganya nani aliuawa katika kipi. Kila nikialikwa mahali kuzungumza, lazima mtu asimame aulize nilimtoa wapi, nami hujibu kwamba niliwahi kumwona askari mmoja wa kike kwenye foleni ya benki. Watu hucheka, wanaridhika. Ni uongo mtupu. Nekesa ni mama yangu mzazi, kuanzia sauti hadi kunde.

Mama alikuwa keateka wa ploti, yaani mwangalizi wa vile vyumba vya kupanga. Ninyi mliokulia Eastlands hamhitaji kuelezwa uzito wa cheo hicho. Mwenye ploti aliishi mbali na kuonekana mara moja moja, lakini keateka alikuwa pale asubuhi na jioni, na ufunguo wa mfereji ulining'inia shingoni mwake kwa uzi wa kiatu. Mama hakuwahi kumfokea mpangaji. Aliyemkosea alifungiwa maji akiwa na sabuni kichwani, na Mama akamwambia kwa upole kwamba mfereji umechoka, tuuache upumzike kidogo. Wanawake wengine walicheka, kwa kuwa siku hiyo haikuwa zamu yao. Mimi nilicheka kuliko wote. Watoto ambao mama zao walipiga kelele niliwaonea huruma, nikidhani wamepewa mama wasio na akili.

Chumba cha pembeni, kile chenye madirisha mawili, kilikuwa cha Mutiso, mkewe, na binti yao Mwende, rafiki yangu. Mutiso alikuwa Mkamba mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata Jumapili kanisani. Mchana alichonga na wenzake kule Pumwani, na jioni alirudi na kazi ambazo hazijaisha, akaketi mlangoni kuzipiga msasa. Mti ukiwa mweupe, wa bei rahisi, aliupaka rangi ya viatu na watalii wakaununua kama mpingo. Hakuficha. Alituinulia twiga akatuambia huyu amevaa suti, anasafiri Ulaya, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini. Ploti nzima ilijua na ploti nzima ilicheka. Mikono yake ilikuwa haitulii. Ukimwachia kijiti cha kuchokonolea meno, alikirudisha kikiwa na kichwa cha ndege, na hakukuwa na nyumba pale ambayo mwiko wake haukuwa na mpini aliouchonga bila kuombwa.

Kisha mjomba Wafula, ndugu mdogo wa Mama, akaja kutoka Bungoma. Alikuwa amepata kazi katika kiwanda alichofanya Baba, lakini vyumba vyote vya ploti vilikuwa na watu na hakuwa na mahali pa kumweka mke wake. Nilikuwa pembeni nakula ugali nikamsikia akilalamika. Mama akamwambia chumba kitapatikana, akamwongezea mboga. Kesho yake mjomba alirudi nyumbani kumchukua mkewe, akiwa na gunia begani ambalo Mama alisema ni nguo kuukuu za kumpelekea Nyanya.

Asubuhi iliyofuata Mama akatoka nje akatangaza kwamba redio ya Baba imeibwa. Ilikuwa redio kubwa ya mbao ambayo mshikio wake ulikatika zamani, Baba akaufunga kwa waya wa shaba. Kila jioni Baba aliisikiliza akiwa amefumba macho. Nilimtazama nikitegemea atapasuka kwa hasira. Alimwangalia Mama, akaangalia sakafu, akavaa koti lake la kazi akaenda zake. Nikafikiri huzuni imemzidi.

Mama hakutaka kusikia habari za polisi. Jioni aliwakusanya wapangaji kwenye mfereji, akawaambia yeye hamshuku mtu yeyote, sisi ni majirani. Lakini kwao, akasema, kuna njia ya zamani ya kumjua mwizi bila kumgusa. Kila mlango hupewa kijiti, vyote vya urefu mmoja, na kufikia asubuhi kijiti cha mwizi huwa kimerefuka kwa upana wa kidole. Watu wale walikuwa waumini, wengine wa kwetu magharibi na wengine wa Ukambani, na kila Jumapili waliyakemea mambo ya namna hiyo kwa sauti kubwa. Hakuna aliyecheka. Mama alipoongeza kwamba vijiti vitaombewa kwanza, hata wale wazito wa kanisani wakapata raha. Halafu akamgeukia Mutiso akamwomba avikate yeye, maana hakuna mwingine mwenye mkono wa kuvilinganisha.

Mutiso alifurahi sana. Naukumbuka uso wake. Hakuchukua makombo, alileta mti mzuri, mwekundu kidogo, wenye harufu tamu, akavikata mbele yetu na kuvipanga kwenye saruji ya mfereji, navyo vikalingana hata ukipitisha kiganja juu yake husikii kimoja kimepanda. Watu wakamsifu. Mama pia akamsifu.

Ujanja wenyewe ninyi mmeshauona: mwenye hatia huogopa kijiti kukua, hukipunguza, na kwa kukipunguza hujitaja. Watu wa ploti hawakuuona. Walivibeba vile vijiti kana kwamba vinauma. Barasa, jirani wa mlango wa pili, mpakiaji mizigo mwenye shingo kama nguzo, alikifungia chake sandukuni kisha akalikalia sanduku. Mutiso yeye alikiweka chake nyuma ya sikio, akaketi mlangoni kwake jua likizama, akaanza kutusimulia mimi na Mwende habari za fisi mmoja wa kwao mwenye tamaa. Huku akisimulia kisu kikatoka, na kijiti kikashuka kutoka sikioni. Kwanza aliviringa ncha, kisha akailainisha kwa msasa, kisha akaitazama kwa jicho moja na kuipunguza tena kidogo. Mwende akamwuliza kama inaruhusiwa. Akamjibu kwamba mti uliokauka haukui, na fisi akaendelea na tamaa yake. Mimi niliona kila kitu wala sikuona ajabu yoyote, kwa sababu ajabu ingekuwa Mutiso kukaa na mti asiukate.

Asubuhi watu wote walikuwa kwenye mfereji mapema, wamenawa nyuso kana kwamba ni Krismasi. Mama alikuwa ameketi na ungo wa kunde mapajani. Kila mtu alileta chake, Mama akakisimamisha kando ya kile alichobaki nacho yeye, akatikisa kichwa, mtu akapumua. Mutiso alikuja wa mwisho kwa sababu alikuwa hana haraka.

"Changu ni hiki, Mama Rispa. Hakijakua hata kidogo," akasema, na alikuwa anacheka.

Mama akakisimamisha. Kilikuwa kimepungua kwa urefu wa ukucha, na ncha yake ilikuwa laini, imeviringwa vizuri.

"Kweli hakijakua," Mama akasema. "Kimepunguzwa."

Mutiso alieleza. Alisema ni mazoea tu, mikono yake huwezi kuipa mti ikakaa nao bure, na kila mtu pale anamjua. Alizungusha macho akitafuta mtu wa kuitikia. Mkewe aliitikia, lakini mke hahesabiwi. Mama aliendelea kuchambua kunde. Alipoinua kichwa hakumwambia Mutiso neno, aliwauliza majirani tu, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto, kwamba mtu anayeweza kupaka mti mweupe rangi ya viatu akamuuzia mgeni kama mpingo, je, huyo atashindwa na redio? Hayo ndiyo yaliyokuwa mashtaka yote. Nyuso zilizocheka na twiga mwaka mzima zikabadilika palepale, mmoja baada ya mwingine, na hadi leo sijapata kuandika ukurasa unaobadilisha nyuso kwa haraka hiyo.

Barasa ndiye aliyetangulia. "Kumbe sisi pia ni watalii," akamwambia. "Manze, umetucheka vya kutosha."

Walimtolea vitu nje, magodoro, sufuria, Biblia, na wale wanyama ambao hawajaisha. Wengine walimpiga mateke. Mama akasema wasimuue, kuna watoto. Basi Barasa akachukua tezo kutoka sanduku la zana la Mutiso mwenyewe, akaigeuza upande butu, akauliza huyu mtu anachonga kwa mkono gani. Mutiso alikuwa chini. Mwende alikuwa amesimama kando yangu, na alidhani Barasa anauliza ili huo mkono wauhurumie. Akasema, "Wa kulia," upesi, kwa sauti ile tuliyomjibia mwalimu darasani.

Sitaeleza sauti ya mfupa. Katika vitabu vyangu nimeieleza mara nyingi na wasomaji huniandikia kunipongeza. Nitasema tu kwamba Mwende hakulia. Alimtazama baba yake, akanitazama mimi, na nilijua anangoja nimwambie kuna makosa yametokea. Nilimwambia kama baba yake hakuiba asingekipunguza kijiti. Niliamini hivyo kabisa. Jana niliona mazoea, leo nikakumbuka hofu, na macho yangu yalikuwa yale yale.

Twiga na vifaru walitiwa motoni kuchemshia chai ya watu waliokuwa wamechoka kwa ile kazi. Rangi ya viatu ikaungua na moshi wake ukaingia ndani ya chai. Niliinywa. Mama alikuwa ameweka sukari nyingi, na watu wakamshukuru.

Kufikia mwisho wa juma mjomba Wafula alikuwa ameshahamia chumba cha pembeni na mkewe ameweka mapazia. Nilifurahi kupata mtu wa kunitetea kwenye ploti. Na likizo iliyofuata nilipelekwa kwa Nyanya Bungoma, nikaikuta redio juu ya kabati, waya wa shaba ukiwa mahali pake. Nyanya akasema ni Mama aliyemletea. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri Mama ameifuatilia mpaka kwa yule aliyeinunua kwa Mutiso, akaipata, na kwa unyenyekevu wake hakumwambia mtu. Nililala na kiburi kikubwa mno. Nilirudi shuleni nikawasimulia wenzangu kwamba mama yangu hukamata wezi kwa vijiti, na hapo, mkitaka ukweli, ndipo kazi yangu ya uandishi ilipoanzia.

Niliishi na hadithi hiyo hivyo hivyo hadi kitabu cha pili. Nilikuwa na mkataba, sina kisa, nikaamua kuiandika kama ilivyokuwa: keateka mwerevu, vijiti, mchongaji mwizi, na redio inayopatikana mashambani. Mhariri wangu wakati huo alikuwa kijana mstaarabu asiyepoteza maneno. Alinipigia simu akasema amefurahi. Akasema nimemficha mwizi vizuri sana, kwamba yeye mwenyewe hakung'amua hadi aliposoma mara ya pili akaliona lile gunia la mjomba, na kwamba kumfanya mama kuwa mwizi ni ushujaa. Nikamwambia asante. Nikakata simu, nikakaa jikoni na maji ya chai yakakauka yote kwenye sufuria.

Kitabu kilichapishwa hivyo, kwa majina ya kubuni, na ndicho wasomaji wanachokipenda kuliko vyote. Mama alisomewa chote. Nilidhani atanilaani. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na siku hizi, huko kwenye nyumba niliyompangia Pipeline, kwenye jengo refu ambalo jua halifiki dirishani, huwaambia majirani wa ngazini kwamba yule mwanamke wa kitabuni ni yeye. Wanamheshimu zaidi.

Mutiso hakuchonga tena. Alirudi kwao Kangundo akawa anachunga mbuzi wa shemeji yake, na habari ikamfuata kwa sababu watu wa ploti walikuwa na ndugu kila mahali. Watoto wa kijiji walimwita Mzee Redio. Alizeeka na jina hilo. Haya yote niliambiwa na Mwende aliponipigia simu siku chache kabla ya mazishi, baada ya miaka ya kutosema kitu.

"Sasa Rispa. Mzee ametuacha," akasema. Nilimpa pole. Kisha akaniambia anachotaka. Alikuwa amekisoma kitabu. "Huko umesema kwa mafumbo. Baba aliitwa mwizi kwa jina lake. Nataka mama yako aje kaburini aseme kwa jina lake kwamba hakuiba. Ni hilo tu."

Nilikwenda Pipeline siku hiyo hiyo. Mama ni mzee, macho yana ukungu, lakini vidole bado vinachambua. Nilimwambia Mutiso amekufa, akasema Mungu ampumzishe. Nilimwambia anachoomba Mwende. Aliendelea na kunde zake kwa muda, nami nikangoja, kama washukiwa wa Nekesa wanavyongoja.

"Niliwauliza swali," akasema. "Waliojibu ni wao."

Nikamwambia kwamba redio ilikuwa kwa Nyanya. Nikamwambia kwamba alimchagua Mutiso avikate vile vijiti kwa sababu alijua hataweza kukiacha chake. Hakukataa. Alisema Wafula alihitaji kulala, na mtu wa kawaida huwezi kumfukuza kwenye chumba hivi hivi, watu watanung'unika. Lazima umpate yule ambaye watu wako tayari kumwamini kuwa mbaya. Alinielezea hivyo kama mama anavyomwelezea binti yake namna ya kuchagua nyanya sokoni. Nikamwomba tena. Sikuwahi kumwomba Mama kitu kwa magoti, lakini siku hiyo nilipiga magoti.

"Nenda useme wewe," akaniambia. "Wewe ndiye unayelipwa kuaminiwa."

Basi nilikwenda mimi, na viatu vyangu vinavyonata. Mahema yalikuwa yamejaa. Mwende alinikaribisha bila kunikumbatia, akaniongoza mbele. Nilipopewa kipaza sauti nilisema kila kitu kwa majina: jina la mama yangu, la mjomba wangu, la Mutiso. Nilisema redio haikuibwa, ilipelekwa Bungoma ndani ya gunia. Nilisema kwamba vijiti havikuwa vya kumtafuta mwizi, vilikuwa vya kumtafutia mjomba wangu chumba. Nilisema Mutiso hakuwahi kuiba hata msumari. Watu walisikiliza vizuri ajabu. Walisogea mbele kwenye viti. Akina mama walishika vifua palepale nilipotaka washike, na nikaanza kuona kuna kitu kinakwenda vibaya, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyonisikiliza siku zote.

Nilipomaliza, mtu akapiga makofi. Kisha wote wakapiga. Msimamizi wa shughuli, kijana mwenye suti na furaha nyingi, akachukua kipaza sauti akasema tumshukuru sana mwandishi wetu kwa kutusimulia kisa cha kile kitabu chake maarufu, tena ameweka jina la marehemu kumpa heshima, na wanaotaka kununua watamwona baada ya chakula. Nilimtazama Mwende. Alikuwa akiitazama picha ya baba yake juu ya jeneza.

Baada ya kuzika tulipanga foleni ya chakula. Mwende, kama mtoto wa kwanza, alikuwa nyuma ya sufuria akiwapakulia wageni, na mimi nilisimama kando yake nikimpa sahani kwa kuwa sikujua niende wapi. Watu wa ploti ya zamani walikuwa wamekodi gari pamoja. Katikati yao alikuwa Barasa, mzee sasa, shingo imekwisha, akitembea kwa kuburuta mguu.

"Rispa mtoto wangu," akaniambia, "umesimulia vizuri kushinda hata kitabu. Mjukuu wangu alinisomea, ni kitamu sana." Akanyoosha sahani yake. "Lakini mimi nilikuwepo. Kile kijiti kilikuwa kifupi. Nilikiona kwa macho yangu."

Mwende alikuwa ameshika upawa. Alimsikia, na alimjua. Akamwuliza kama atapenda mchuzi. Barasa akasema atapenda, na kama kuna paja la kuku asimsahau mzee. Mwende akainama juu ya sufuria, akatafuta chini kabisa, akampa paja.